Kipande cha Manamba na Kadi ya Kompyuta

Wengi hudhani kumbukumbu zenye nafasi zilizopimwa zililetwa na kompyuta. Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo walizijua mapema. Wakati wa mkoloni walikwenda kwa wingi kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakiitwa manamba. Kuanzia 1944 waliandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Kila mmoja alipewa kipande, yaani kadi yenye visanduku 30, kisanduku kimoja kwa siku moja ya kazi. Asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakutiwa alama. Mshahara ulitolewa visanduku vikijaa, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani. Siku ya homa haikuwa na kisanduku.

Kanuni hiyo ilionekana tena ofisini. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Zama hizo taarifa ziliingizwa kwa kadi za kutobolewa zenye safu 80, herufi moja kila safu. Mpangaji aliamua mapema: namba ya mtu hapa, jina pale, fedha kule. Jina likitengewa safu 12, Muha mwenye jina la herufi 15 alipoteza 3. Tarakimu zikisogea safu moja, shilingi 100 ziliweza kusomwa 1,000.

Mwaka 1974, baada ya hesabu za Wizara kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sidhani kadi peke yake zilistahili lawama. Ila karani wa mkonge, pamoja na ukali wake, mtu aliweza kumbishia.