Sasisho za Michezo ya Simu: Nani Ameleta, na Je, Ni Mwaminifu?



Katika miji yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi Ibo, simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima. Baba hupokea pesa kwa M-Pesa au e-Mola, mama huzungumza na ndugu walio mbali, na jioni watoto hucheza mpira au Free Fire. Mchezo ukidai sasisho, yaani toleo jipya la kurekebisha lile la zamani, mtoto hubonyeza kukubali bila kuuliza. Tumeona ni vyema tueleze historia ya jambo hili, kwa sababu kinachoingia kupitia mchezo kinaingia katika simu ileile yenye pesa ya nyumba.

Zamani sasisho hazikuwepo. Michezo ya miaka ya 1980 iliuzwa katika kaseti, na baadaye katika diski. Mchezo uliotoka kiwandani na kasoro ulibaki na kasoro yake. Intaneti ndiyo iliyobadili mambo. Septemba 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha Steam, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafikishia wachezaji marekebisho moja kwa moja. Nchini kwetu, waya wa baharini wa Seacom ulifika Maputo Julai 2009, na mwaka 2012 Movitel ikaanza kazi. Simu za intaneti zilipoenea, sasisho nazo zikafika.

Hata hivyo, watu wa pwani hii si wageni wa kupokea maandishi kutoka mbali. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo zimo mamia ya barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi kwa Kiswahili, ambazo watawala na masheikh wa kaskazini waliwaandikia Wareno. Mwenye kupokea barua alikuwa na maswali mawili: je, kweli imetoka kwa huyu aliyetajwa? Na je, huyu mwenyewe ni mtu wa kuaminika? Wanafunzi wa madrasa wanayajua maswali haya katika elimu ya sanadi: mnyororo uungane, na wapokezi wawe waaminifu. Likikosekana moja, jingine halitoshi.

Swali la kwanza kompyuta inaweza kulijibu. Kampuni yenye mchezo ina ufunguo wa siri, na kwa ufunguo huo inatia saini ya kihesabu katika faili. Faili likibadilishwa hata herufi moja, saini haikubali tena. Simu za Android hukataa sasisho ambalo saini yake si ya mwenye toleo lililomo ndani ya simu. Lakini ulinzi huu una mwanya: nakala ya kwanza kabisa haina ya kulinganishwa nayo. Julai 2016 mchezo wa Pokémon Go ulitolewa katika nchi chache tu. Walioshindwa kusubiri wakatafuta nakala za pembeni, na ndani ya siku chache wataalamu wakakuta nakala iliyotiwa programu ya kijasusi iitwayo DroidJack.

Swali la pili hesabu hailijibu. Mwaka 2011 wachezaji wengi wa mchezo mmoja maarufu wa mtandaoni walikutwa na programu ya wizi katika kompyuta zao. Ilikuwa imeletwa na sasisho la kawaida, kutoka katika seva rasmi ya mchezo wenyewe. Baadhi waliituhumu kampuni kuwa inawapeleleza. Ripoti ya Kaspersky ya mwaka 2013 ilieleza kwamba wezi waliingia kwa kampuni yenyewe, na wachezaji walipata madhara bila kukusudiwa. Na mwaka 2010, tarehe 1 Aprili, sasisho halali la Sony kwa PlayStation 3 liliondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji, uwezo ambao wateja walikuwa wameununua pamoja na mashine. Muhuri ulikuwa wa kweli, lakini wateja waliona amana imevunjwa, na wengine wakaenda mahakamani Marekani.

Kwetu sisi mega ni ghali, na mtandao si wa kutegemea. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano yalikatika. Kwa hiyo vijana hurushiana michezo kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Xender. Hatusemi kila nakala ya mkononi ni mbaya, kwani saini husafiri pamoja na faili. Lakini anayerusha huwa hajui nakala ilianzia wapi, na hapo mnyororo umekatika.

Kwa hiyo tunawausia wazazi na wanafunzi haya:

1. Nakala ya kwanza ya mchezo ichukuliwe kutoka duka rasmi la simu, hata kama itabidi kusubiri siku ya kupata mega.

2. Sasisho likigoma kuingia mpaka mfute kwanza mchezo wa zamani, simameni. Huenda saini hazilingani.

3. Nakala inayoahidi almasi za bure imechezewa na mtu asiye mwenye mchezo. Iacheni.

4. Mchezo ukiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wa simu, kataeni. Mpira hauhitaji kusoma ujumbe wenu wa M-Pesa.

5. Msikatae sasisho zote kwa hofu. Nyingi huziba matundu ambayo wezi wanayajua tayari.

Mtoto anayefundishwa kuuliza "nani ameleta?" kabla ya kubonyeza amejifunza adabu itakayomfaa pia katika habari na uvumi, na katika pwani yetu miaka hii uvumi umewahamisha watu majumbani mwao. Tuanze kumfundisha hapo kwenye mchezo anaoupenda.

Wabillahi tawfiq.