Orodha ya Wadai: Kutoka Kitani cha Kericho hadi Bonasi ya Chai

Kabla ya chai, Kericho ilipandwa kitani. Anayesafiri leo kutoka Kericho kwenda Litein huona mashamba ya chai yaliyokatwa kwa usawa mmoja mpaka macho yanapoishia, na ni rahisi kudhani kwamba hali ilikuwa hivyo tangu Mwingereza alipoingia. Haikuwa hivyo. Ardhi nyingi ya pale iliwafikia wenye kampuni za chai kupitia ufilisi. Kampuni ya walowezi ilipewa ardhi, ikapanda, ikashindwa, mali yake ikauzwa. Nimeifuata njia ya kampuni hiyo kwa sababu yaliyowapata wakulima wa chai kati ya 2015 na 2021, benki mbili zilipofungwa zikiwa na fedha zao, yana mizizi mirefu kuliko inavyosemwa kwenye magazeti.

Njia yenyewe huanzia Kipkelion, stesheni ambayo ramani za wakoloni ziliiandika Lumbwa. Reli ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, na kwa miaka mingi hapa ndipo ulipokuwa mlango wa Kericho. Majembe, mbegu na mashine vilishushwa katika stesheni hii, vikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe na kupandishwa vilimani. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa huku hunasa magurudumu. Kila ratili ya mzigo ilikuwa na gharama yake kabla haijafika shambani, na gharama hiyo ililipwa tena mazao yaliposhuka kwenda Mombasa.

Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alisimamia mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Uingereza waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ndani ya mpango huo lilikuwapo kundi la pekee: maafisa waliorudi vitani na ulemavu. Waliunganisha mitaji wakaunda kampuni, British East Africa Disabled Officers' Colony, iliyojulikana kwa kifupi BEADOC. Walipewa takriban ekari 25,000 karibu na mji wa Kericho, zilizomegwa kutoka hifadhi ya Wakipsigis. Sina chuki na wale maafisa. Wengi walikuwa vijana waliopoteza viungo vyao katika vita visivyokuwa na faida kwao, na wazo la kuchanga mitaji na kugawana kazi lilikuwa zuri kuliko la kila mlowezi kuhangaika peke yake. Ila wema wa wazo haukubadilisha ukweli kwamba serikali ilikuwa inalipa fadhila za vita kwa mali ya watu wengine.

Wakachagua kitani. Siku hizi uamuzi huo unaonekana wa ajabu, lakini wakati ule ulikuwa na hesabu. Nyuzi za kitani zilikuwa zimetumika vitani kutengenezea turubai na kitambaa cha mabawa ya ndege. Urusi ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa duniani, na mapinduzi ya 1917 yaliuziba mlango huo. Bei ikapaa. Mlowezi aliyesoma bei za London mwanzoni mwa 1920 aliona utajiri. Akaagiza mashine za kupondea mabua, akachimba mabwawa ya kulowekea, akaajiri vibarua. Kabla mavuno hayajapata kurudisha gharama, mahitaji ya vita yalikuwa yamekwisha na soko likaporomoka. Hata kabla ya mwaka 1921 kumalizika, kitani hakikuweza kulipia nauli yake ya meli.

Pigo la pili lilitoka kwenye sarafu, na ndilo ninalotaka msomaji alitazame kwa makini, maana husahaulika. Mpaka wakati huo Kenya ilitumia rupia, na kwa miaka mingi rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Uingereza. Mwaka 1920 serikali iliifunga kwenye kiwango cha shilingi mbili. Aliyekuwa na deni la rupia akajikuta deni lile lile limepanda thamani kwa nusu likihesabiwa kwa pauni, ilhali mazao yake yaliuzwa London kwa pauni hizo hizo. Benki hazikupoteza kitu. Mkopaji alilala na deni moja akaamka na deni na nusu. Walowezi walipiga kelele, na kelele zao zilifika mbali kwa kuwa walikuwa na wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria. Vibarua nao walipata hasara kwa njia nyingine: mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa takriban theluthi moja, jambo lililochangia kumpatia mwanaharakati Harry Thuku wafuasi wengi Nairobi.

BEADOC haikumudu mapigo hayo mawili. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha, na ardhi ile ikanunuliwa na makampuni makubwa yaliyokuwa yakitafuta mahali pa kupanua chai nje ya India na Ceylon: Brooke Bond na James Finlay. Hapo ndipo hadithi ya Kericho tunayofundishwa shuleni inapoanzia, kana kwamba kabla yake palikuwa nyika tupu.

Kampuni inapofilisika, mfilisi hufanya mambo mawili. Hukusanya mali iliyobaki, kisha huandika orodha ya wadai kwa mpangilio wa haki zao: wenye dhamana mbele, wengine nyuma, wanahisa mwisho. Mali ikiuzwa, fedha hushuka kwenye orodha hiyo mpaka ziishe. Utaratibu huo ni wa haki kwa yeyote aliyemo kwenye orodha. Wakipsigis hawakuwemo, na sheria ilikuwa imehakikisha hawawezi kuwemo. Sheria ya Ardhi ya 1915 iliifanya ardhi ya hifadhi kuwa mali ya Mfalme, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Waafrika waliokuwa juu yake ni wapangaji tu kwa hiari ya Serikali. Kwenye vitabu vya kampuni, vilima vile vilikuwa mali. Havikuandikwa popote kuwa deni. Ukulima wa kitani uliposhindwa, sababu iliyotolewa ya kuimega ardhi nayo ilishindwa, lakini ardhi haikurudi ilikotoka. Iliuzwa ili kupunguza hasara ya waliopewa bure.

Tume ya Ardhi ya Morris Carter ilipozunguka nchini kuanzia 1932, madai ya Wakipsigis kuhusu Kericho yaliwekwa mbele yake. Ripoti ilitoka 1934, na mashamba yakabaki ya kampuni. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto na mbung'o.

Kutoka Kericho, barabara inaelekea kusini kupitia Litein na Kapkatet mpaka Kaplong, kisha inakata kwenda Bomet. Hapa sura ya nchi inabadilika. Mashamba ya kampuni yanakoma na kuanza ya wananchi: chai ekari moja, mahindi kando ya nyumba, ng'ombe wawili watatu, na kibanda cha kununulia majani kandokando ya barabara. Kwa miongo kadhaa serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kupanda chai. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo katika miaka ya 1950, na Januari 1964 likaundwa shirika la KTDA kuwasimamia wakulima wadogo. Viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga vilijengwa katika enzi hiyo, na tangu KTDA ilipobinafsishwa mwaka 2000, kila kiwanda ni mali ya wakulima wenye hisa.

Mkulima akishapimiwa majani na karani, hulipwa kiasi fulani kila mwezi. Sehemu kubwa ya jasho lake husubiri bonasi, ambayo kwa kawaida hutoka karibu na Oktoba. Kati ya mnada wa Mombasa na siku ya bonasi, fedha hizo hukaa benki. Kwa hiyo kila mwaka kuna miezi ambayo karo ya watoto wa Konoin, matofali ya nyumba za Longisa na deni la mbolea la Silibwet vyote vimelala katika akaunti chache, na kuna benki zinazoshindana kuzipata amana hizo.

Kenya ilikuwa imeshaona benki zikianguka. Rural Urban Credit Finance ilianguka 1984, na mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa ili kuanzisha mfuko wa kulinda amana. Mwaka 1989 Consolidated Bank ilianzishwa kuzibeba taasisi tisa zilizokuwa zimeshindwa. Miaka ya 1990 ilileta nyingine nyingi. Kila mara fundisho lilikuwa wenye benki wanaojikopesha, na kila mara fundisho hilo lilisahauliwa.

Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu tarehe 13 Oktoba 2015, wiki chache baada ya mkurugenzi wake mkuu, Abdulmalek Janmohamed, kufariki na wizi wa mabilioni ya shilingi uliofichwa kwa miaka kugunduliwa. Siku hiyo hiyo hati za mkopo za benki hiyo zilitarajiwa kuanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Chase Bank ilifuata tarehe 7 Aprili 2016, baada ya hesabu zake kurekebishwa, mikopo ya watu wa ndani kuonekana kubwa kuliko ilivyotangazwa, na wateja kukimbilia kutoa fedha. Fedha za chai zilizowekwa kupitia KTDA zilikuwa katika benki zote mbili. Chase ilipochukuliwa na SBM ya Mauritius mwaka 2018, robo tatu ya amana zilihamishwa na robo ikabaki nyuma. Mwaka 2021 Benki Kuu iliamuru zote mbili zifilisiwe, na Shirika la Bima ya Amana likateuliwa kuwa mfilisi.

Ikaandikwa orodha ya wadai kwa mara nyingine. Safari hii hapakuwa na sheria ya kumfanya Mkipsigis mpangaji wa Mfalme. Mkulima wa Mogogosiek ana hatimiliki, ana namba ya kuuzia chai, ana hisa za kiwanda. Hata hivyo mfilisi akifungua daftari lake hakuti jina la mkulima huyo. Anakuta akaunti ya kampuni. Mkulima hakuchagua benki ile, na hakuulizwa fedha zake zilipokuwa zikipelekwa huko kutafuta riba nono. Nalisema hili kwa uchungu, maana wanaolipwa ujira wa kusimamia jasho la watu walipaswa kuzisoma hesabu za benki kabla ya kuzipelekea bonasi ya mwaka mzima.

Nayo mashamba ya kampuni kule Kericho yamebadilisha mikono tena. Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi mwaka 2019 ikiyapa uzito madai ya Wakipsigis na Talai, kampuni zikaupinga mahakamani. Baadaye kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka iliyanunua ya Finlays, kisha yale yaliyowahi kuwa ya Brooke Bond. Katika ununuzi wa Finlays ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa wenyeji.

Imperial na Chase zilipofungwa, bima ya amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 100,000 kwa kila mweka amana. Julai 2020 kiwango kilipandishwa hadi 500,000, nacho bado huhesabiwa kwa jina la mwenye akaunti katika kila benki. Akaunti ya kampuni ya kiwanda, iliyobeba bonasi ya maelfu ya familia, hukingwa kwa kiwango kile kile anachokingiwa mwenye duka mmoja wa Litein.