Habari za Gasketi na Gundi Zake

Mkulima apelekaye kahawa ghalani kwa pikipiki huijua thamani ya injini siku ile inapomzimikia njiani, gunia li nyuma yake na saa ya kufunga mizani imekaribia. Aghalabu huilaumu pistoni. Pengine mkosaji ni silikoni iliyopakwa na fundi kwa ukarimu mno, ikaminywa ikaingia ndani, ikakatika, ikaenda kuziba chujio la oili. Injini iliyokosa oili haikawii kufa. Basi si kazi bure kueleza vitu hivi vilitoka wapi, na kila kimoja kiliundwa kwa ajili gani.

Injini ni vipande vya chuma vilivyofungwa kwa boliti, na katika maungio yake hapana budi pawe na kitu cha kuzuia oili na moto visitoke. Mafundi wa zamani walitumia karatasi nene, koki na asbesto, tena wakapaka lakiri iliyoyeyushwa katika spiriti, ambayo asili yake ni utomvu utolewao na wadudu wadogo wa India. Lakiri ikikauka huwa ngumu. Chuma kikipata moto na kutanuka, yenyewe hupasuka. Mwaka 1909 Constant Benoit alianzisha kampuni ya Permatex huko Brooklyn, Marekani, na gundi zake za gasketi zikaenea pamoja na motakaa.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyogeuza mambo. Mwaka 1953 Vernon Krieble, mwalimu wa kemia katika Trinity College mjini Hartford, alipata kimiminika cha ajabu: penye hewa hubaki majimaji, kikibanwa baina ya vyuma pasipo hewa hukauka. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa Loctite. Kwa ajili ya injini za ndege za Rolls-Royce ilitengenezwa Hylomar, gundi ya rangi ya buluu isiyogandamana kabisa. Kisha ikaja silikoni, ambayo kinyume cha ile ya Krieble hukaushwa na unyevu wa hewani. Fundi asiyeijua tofauti hii hukosea pande zote mbili: huitia ya kwanza katika maungio yenye nafasi kubwa, isikauke; na ya pili huipaka nene, kisha huiwasha injini kabla haijakomaa.

Pikipiki za Uingereza za zama hizo, kama Triumph na BSA, zilisifika kwa nguvu, na vilevile kwa kudondosha oili. Wengi husema sababu ni kwamba kasha la injini lilipasuliwa wima, maungio yakapita chini kabisa; nao huitaja Honda CB750 ya 1969, ambayo kasha lake lilipasuliwa kwa ulalo. Pana ukweli hapo, walakini siukubali wote. Honda Super Cub, iliyoanza mwaka 1958 na kupita idadi ya milioni 100 mwaka 2017, kasha lake nalo limepasuliwa wima, wala haina sifa ya kuvuja. Tofauti kubwa i katika usawa wa nyuso za chuma zilizochongwa kiwandani. Ndiyo maana fundi apenyezaye bisibisi katika maungio ili kuyabandua huharibu kitu ambacho hapana gundi iwezayo kukirudisha.

Gasketi ya karatasi iliyo chini ya silinda haizuii oili tu. Unene wake ndio upimao nafasi baina ya pistoni na kichwa cha silinda. Ukiitupa na kutia silikoni mahali pake, umebadili kipimo hicho. Gasketi ya kichwa nayo haipakwi silikoni, kwa kuwa haihimili moto wa mle. Iliyo ya shaba nyekundu tupu yaweza kulainishwa kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu. Katika kabureta silikoni ya kawaida haifai, maana petroli huifanya ivimbe.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, kwa sababu vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Gasketi kuukuu za pikipiki kongwe zaweza kuwa nayo. Hizo hulowanishwa kabla ya kubanduliwa, wala hazipigwi msasa zikiwa kavu.