Kikulacho ki Nguoni Mwako: Historia Fupi ya Kunguni na Wasafiri

Vitabu vya historia tulivyosoma sekondari vimejaa wafalme, mikataba na vita. Tunaambiwa nani alitoka wapi akafika wapi, mwaka gani, kwa jahazi au kwa miguu. Hatuambiwi usiku alilala juu ya nini, wala nani alikuwa naye humo kitandani. Ndugu msomaji, leo tumzungumzie huyo mwenzake wa kitandani: kunguni. Usicheke. Mdudu huyu amezunguka dunia kuliko Ibn Battuta na Vasco da Gama, na kila alipofika ameacha vitu viwili: muwasho na aibu. Muwasho hupona. Aibu ndiyo iliyomlinda hadi leo.

Asili yake ni ya kale mno. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba ukoo wa kunguni ulikuwapo miaka milioni 115 hivi iliyopita, zama za dinosaria, kabla hata ya popo. Jamaa zake wengine bado wanafyonza damu ya popo katika mapango ya Mlima Elgon, upande wa Kenya. Binadamu alipopata nyumba na malazi ya kudumu, kunguni naye akapata makazi. Huko Amarna, Misri, katika kijiji cha mafundi wa Farao, waakiolojia waliokota mabaki ya kunguni wa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Waandishi walimwona mapema, na walimwona safarini. Mwaka 405 kabla ya Kristo, Mgiriki Aristophanes alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Vyura. Ndani yake mungu Dionysus anajiandaa kwenda kuzimu. Kabla ya kuondoka anaulizia barabara, chemchemi, mikate, na nyumba za wageni zenye kunguni wachache. Jamani! Mtu anakwenda kwa wafu, na wasiwasi wake ni kunguni.

Karne kadhaa baadaye kikaandikwa kitabu cha Matendo ya Yohana, ambacho hakimo katika Biblia. Kinasimulia kwamba mtume Yohana, akiwa njiani kwenda Efeso, alilala katika nyumba ya wageni iliyoachwa ukiwa. Kunguni wakamnyima usingizi, akawaamuru watoke. Asubuhi wakakutwa wamejipanga mlangoni, wakingoja ruhusa ya kurudi kitandani. Msimuliaji hakuhitaji kumweleza msikilizaji kunguni ni nini. Aliyewahi kusafiri alishamjua.

Tatizo ni pale watu walipoanza kutafuta wa kumlaumu. Mwaka 1730 John Southall wa London alichapisha kitabu kizima juu ya kunguni. Alidai kwamba waliingia mjini baada ya moto mkubwa wa 1666, ndani ya mbao zilizotoka nchi za nje. Lakini mwaka 1583 tayari mabibi wawili wa ukoo bora, huko Mortlake karibu na London, walikuwa wameamka na alama mwilini wakadhani wamepata tauni. Daktari alipofika akakuta ni kunguni. Walikuwamo Uingereza zamani, na tena katika vitanda vya wakubwa, ila ilipendeza zaidi kuwasingizia wageni.

Na huyo Southall dawa aliyokuwa akiiuza aliipata wapi? Mwenyewe aliandika kwamba mwaka 1726, akiwa Jamaica, mzee mmoja mweusi alimfundisha kuitengeneza, naye akamlipa chakula na bia. Jina la Southall limebaki kwenye jalada la kitabu. La mzee yule hatulijui. Kwa hiyo mgeni alilaumiwa kwa kuleta mdudu, na mgeni huyohuyo akanyimwa sifa ya kuleta dawa.

Kwetu Afrika Mashariki msafiri alikuwa na adui mwingine wa kumchanganya na kunguni: papasi. Mwaka 1905 daktari Robert Koch, Mjerumani, alichunguza homa ya vipindi katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Aliwakuta papasi katika vibanda walimopumzika wapagazi na wasafiri kandokando ya njia za misafara. Wenyeji walizoea kuumwa tangu utotoni. Mgeni ndiye aliyeangushwa na homa. Ushauri wa Koch ulikuwa mwepesi: usilale humo, piga hema mbali kidogo. Mwaka huohuo Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hiyo, alikufa nayo Kasongo, Kongo.

Basi tofauti hii ijue. Papasi ana miguu minane, ngozi kama ya kiatu kikuukuu, na hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Kunguni ana miguu sita, ni bapa, rangi ya kahawia, urefu wake milimita 5 hivi, na akishashiba huvimba na kuwa mwekundu. Papasi huambukiza homa. Kunguni hajathibitika kumwambukiza mtu ugonjwa kwa kumuuma. Anachoiba ni damu na usingizi.

Kisha ikaja DDT. Nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Nchi tajiri zikadhani kunguni amezikwa. Kumbe mwaka 1947 tu, katika mabweni ya wanajeshi huko Pearl Harbor, Hawaii, walishaonekana kunguni wasiokufa kwa DDT. Mambo yakajirudia Muheza, Tanga. Vyandarua vyenye dawa vilipogawiwa vijijini, kunguni walitoweka. Baada ya miaka kadhaa wakarudi, na mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba dawa ile ilikuwa haiwamalizi tena. Nayo Paris, jiji la mitindo, ilihangaika nao mwaka 2023, wakati ikijiandaa kwa Olimpiki ya 2024. Nani tena atasema kunguni ni mdudu wa maskini?

Sasa wewe unayeshuka kwenye basi saa nne usiku na kuchukua chumba gesti, fanya hivi. Begi usiliweke kitandani. Funua shuka, washa tochi, kagua mishono ya godoro, chaga, na maungio ya matendegu. Tafuta vidoa vyeusi kama wino uliopenya kwenye karatasi, magamba makavu, na mayai meupe madogo sana. Usingoje alama mwilini, maana wengine hazitokei hata kidogo, na wengine hutokea baada ya siku kadhaa. Ukiwaona, omba chumba kingine kisichopakana na hicho, au hama.

Ukifika nyumbani usimwage nguo kitandani. Zifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, na zile zinazostahimili zipige pasi kwenye mishono. Chaga zimwagie maji yanayochemka. Jua peke yake halitoshi, kwani mdudu hujificha ndani ya godoro penye kivuli. Mafuta ya taa na dawa za shambani viache kabisa: utachoma nyumba au kujitilia sumu, na kunguni atahamia chumba cha jirani.

Lililo gumu kuliko yote ni kusema. Mpangaji anamficha mwenye nyumba, mwenye gesti anamficha mteja, mwanafunzi anawaficha wenzake wa bweni. Kila mmoja anaogopa kuitwa mchafu. Jike moja, likiachwa, hutaga mayai mamia maishani mwake. Kimya cha miezi miwili ni ukoo mzima. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kunguni hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na pumzi ya aliyelala, awe mtume, bibi wa ukoo bora au kijana wa kupanga chumba kimoja uswahilini. Mwambie jirani leo, kabla hajaambiwa na godoro lake.