Alama za elbo na tii zinavyopotea kwenye ramani ya Revit, na namna ya kuzirudisha

Fundi bomba wa Makambako hafungui Revit. Anachoshika mkononi ni karatasi iliyochapishwa, na hapo ndipo anahesabu elbo, tii na koki za kununua. Alama isipoonekana, hesabu inakosewa, na kufuata kipande kilichosahaulika Njombe mjini ni safari ya takribani kilomita 60.

Kazi za aina hii hazipungui. Makambako, Njombe na Wanging'ombe zimo kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022. Maji yakishafika mtaani, kinachofuata ni mabomba ya ndani ya nyumba.

Tatizo linaanzia wapi?

Mtazamo wa Revit ukiwekwa "Coarse" au "Medium", bomba linachorwa kwa mstari mmoja na kiungio kinakuwa alama. Ukiwekwa "Fine", vyote vinaonekana kwa umbo na ukubwa wake halisi.

Alama inaweza kupimwa kwa njia mbili: kwa ukubwa wa kiungio chenyewe, au kwa ukubwa wa karatasi. Elbo ya milimita 40 ikichapishwa kwa skeli ya 1:100 inabaki milimita 0.4, yaani kama nukta tu. Ikipimwa kwa karatasi, mfano milimita 3, inabaki milimita 3 hata skeli ikibadilika.

Hatua ya kwanza: mipangilio

Mchoraji anabonyeza herufi M na S kufungua "Mechanical Settings", kisha "Pipe Settings". Hapo anaweka tiki kwenye "Use Annot. Scale for Single Line Fittings" na kuandika ukubwa anaoutaka kwenye "Pipe Fitting Annotation Size".

Wengi wanaishia hapo, halafu wanashangaa ramani iko vilevile. Sababu ni kwamba tiki hiyo inahusu viungio vitakavyowekwa baadaye. Vilivyokwisha kuwekwa havibadiliki vyenyewe. Inabidi kuchagua kiungio kimoja, kubonyeza S na A ili vya aina hiyo vyote vichaguliwe, kisha kuweka tiki ya "Use Annotation Scale" kwenye sifa zake. Zoezi hilo linarudiwa kwa kila aina.

Hatua ya pili: familia

Kwa koki na vali, mara nyingi kasoro iko ndani ya faili la familia, hasa lililopakuliwa mtandaoni. Kama alama yake imechorwa kwa mistari ya kawaida humo ndani, itafuata vipimo halisi na kusinyaa skeli inapobadilika.

Dawa yake ni kuchora alama hiyo kwenye familia ya pembeni ya aina ya "Generic Annotation", kisha kuiingiza ndani ya familia ya koki. Humo vipimo ni vya karatasi: milimita 3 zinachapishwa milimita 3. Anayechora milimita 60 akifikiria koki halisi, kwenye skeli ya 1:100 atapata alama inayofunika mita 6 za nyumba.

Umbo halisi la koki liwekwe lionekane kwenye "Fine" pekee, lisije likapandana na alama. Familia ikirudishwa kwenye mradi, achague kufuta toleo la zamani. Na asihangaike alama isipoonekana kwenye picha ya 3D, kwa sababu alama za aina hiyo hazionekani huko.

Zikijazana je?

Nyumba ya wageni Njombe, kwa baridi ya kule, inahitaji bomba la maji ya moto sambamba na la maji baridi. Elbo mbili zilizoachana milimita 200 zinakuwa milimita 2 tu kwenye karatasi ya 1:100. Alama za milimita 3 hapo lazima zipandane, na fundi anaweza kuona elbo moja badala ya mbili.

Kupunguza alama kunarudisha tatizo la mwanzo. Njia salama ni kuchora bafu na jiko kwenye mtazamo wao wa 1:50, ambapo elbo hizo zinaachana milimita 4, au 1:20 zinapoachana milimita 10.

Kabla ya kumkabidhi fundi, karatasi moja ichapishwe na kupimwa kwa rula. Kwenye skrini mtu anaweza kukuza mchoro atakavyo, lakini karatasi haikuzwi.