DHIS2: Programu ya takwimu za afya iliyofinyangwa na wilaya

Kila mwisho wa mwezi, wahudumu wa zahanati hujumlisha rejesta zao: watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, wagonjwa waliokutwa na malaria. Tanzania Bara kazi hiyo inajulikana kwa jina la MTUHA. Hesabu hizo sasa huishia kwenye DHIS2, programu huria inayotumiwa na wizara za afya katika zaidi ya nchi 70. Muundo wake umegeuzwa mara kadhaa, na mageuzi makubwa yalisukumwa na hali halisi ya wilaya.

Historia yake inaanzia Afrika Kusini, mwaka 1994. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeiachia nchi idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi na kwa maeneo waliyotengewa Waafrika. Watafiti wa Cape Town, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, walianzisha mradi wa HISP. Walitaka wilaya izitumie takwimu zake yenyewe kabla ya kuzipeleka juu. Programu yao ya kwanza ilifuata wazo hilo: ilijengwa juu ya Microsoft Access na kukaa ndani ya kompyuta ya ofisi ya wilaya. Takwimu za kwenda mkoani zilitumwa kama faili, kisha zikaunganishwa na za wilaya nyingine.

Muundo huo uliipa wilaya uhuru, lakini ulikuwa na gharama. Zahanati mpya ikifunguliwa, orodha ya vituo ilipaswa kurekebishwa katika kila kompyuta. Isitoshe, programu ilitolewa bure huku Access ikihitaji leseni ya kulipia. Katikati ya miaka ya 2000, Oslo ikaanza kuiandika upya kwa lugha ya Java, itumike kupitia kivinjari. Jimbo la Kerala, India, likawa la kwanza kuitumia mwaka 2006. Hata hivyo, pale ambapo intaneti ilikuwa haba, iliendelea kusakinishwa kompyuta moja moja.

Kenya ndiyo iliyovunja mazoea hayo. Mwaka 2011, mitandao ya simu ilikuwa imefika mbali kiasi kwamba modemu ndogo ilitosha kuifikisha ofisi ya wilaya kwenye sava moja ya taifa. Mtandao ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo waundaji wakakiwezesha kivinjari kuzihifadhi takwimu na kuzituma mawasiliano yakirudi. Tanzania Bara ilikamilisha kuusambaza mfumo huo nchini mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshirika wa wizara.

Sava moja ilileta faida kubwa: marekebisho hufanywa mara moja, na wilaya na wizara huona tarakimu zilezile siku ileile. Mzigo nao ukahamia hapo. Ili ripoti zisikwame, hesabu nzito hufanywa mapema, kwa kawaida usiku, na kuwekwa kwenye majedwali yaliyo tayari kusomwa. Likazuka pia suala la umiliki, kwa kuwa Kenya ilianza na sava ya kukodi nje ya nchi.

Baadaye kiini cha programu kilitenganishwa na programu-tumizi zinazokizunguka, ili kila nchi iongeze inachohitaji bila kukigusa kiini. Ikaongezwa pia sehemu ya kufuatilia mtu mmoja mmoja. Mwanzoni mwa 2020, Sri Lanka iliitumia sehemu hiyo kufuatilia wasafiri katika kupambana na UVIKO-19, na nchi nyingine zikaiga.

Mfumo uliobeba jumla tupu sasa unabeba majina na maradhi ya watu, na siri za mgonjwa zinadai ulinzi mkali kuliko jumla za mwezi. Kwa hiyo serikali zetu ziwaajiri na kuwalipa vizuri wahandisi wazalendo wa mfumo huu, na ziwasikilize maafisa takwimu wa wilaya kabla ya kuubadilisha tena. Historia ya DHIS2 inaonyesha kwamba wao ndio hulijua tatizo kwanza.