Kompyuta Iliyowaka Isiamke

Historia ya kompyuta huandikwa kwa kawaida kama historia ya mashine zilizofanya kazi. Wavumbuzi husifiwa, tarehe za ushindi hukumbukwa, na watu waliokesha mbele ya mashine mpya iliyokataa kuamka hawatajwi. Naona upungufu mkubwa katika desturi hii, maana sehemu kubwa ya elimu yetu ya kuiamsha kompyuta ilizaliwa katika mikesha yao.

Kiswahili chetu nacho kimechangia kuficha jambo. Twasema kompyuta "imewaka", neno la taa na la moto, nalo halitenganishi kupata umeme na kuamka. Mashine yaweza kuwaka, feni zake zikazunguka, isiamke kamwe. Ugonjwa tunaouchunguza hapa umo katika nafasi iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Altair 8800 ilitangazwa katika jarida la Popular Electronics, toleo la Januari 1975. Ilitengenezwa na MITS, kampuni ndogo ya Ed Roberts katika mji wa Albuquerque, Marekani. Mashine ya mfano iliyopelekwa New York ilipotea njiani, kwa hiyo jalada lilipambwa kwa picha ya sanduku lisilokuwa na kompyuta ndani. Msomaji na acheke, lakini sanduku lile lilikuwa na ukweli wake. Mnunuzi aliyetoa dola 397 hakuletewa kompyuta, bali vipande vyake, naye alipaswa kuvilehemu kimoja kimoja kwa mkono wake. Tone la risasi lililovuka mpaka likaunganisha njia mbili, au kiungo kilichoshika nusu, lilitosha kuharibu kazi ya siku nyingi.

Na ilipokataa, haikusema neno. Haikuwa na kioo cha maandishi wala kibodi. Usoni ilikuwa na swichi na safu za taa ndogo nyekundu, na ndani yake kumbukumbu ya baiti 256 tu. Mwenye mashine alipanga swichi, akaweka thamani moja mahali pamoja katika kumbukumbu, kisha akaisoma tena kwa taa. Zilipomrudishia alichoweka, alijua pale ni pazima, akaendelea mbele. Zilipomrudishia kingine, alikuwa amemfumania mgonjwa. Vibao vikubwa zaidi vya kumbukumbu vilivyouzwa na MITS vilijulikana kwa ubovu, hata Bob Marsh, mwanachama wa Homebrew Computer Club ya California, akaanzisha biashara ya kutengeneza vilivyo bora. Mwenzake Steve Dompier aligundua kuwa redio iliyowekwa karibu na Altair hunasa mivumo ya kazi yake, na mwaka huo huo wa 1975 akawapigia wanachama wimbo kwa njia hiyo. Mashine bubu iliazima koo la redio.

Lakini kulikuwa na fundo gumu zaidi ya viungo vibovu. Programu huingia katika kumbukumbu kwa kusomwa na programu nyingine. Na hiyo nyingine itasomwa na nani? Wasemaji wa Kiingereza walililinganisha jambo hili na mtu ajiinuaye kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Paul Allen alikuwa ndani ya ndege kwenda Albuquerque kuionyesha BASIC aliyoiandika pamoja na Bill Gates, ndipo alipokumbuka kuwa hawakuandika programu ya kuipakia. Akaiandika angani. Baadaye aliiingiza kwa swichi, amri baada ya amri, na mashine ikausoma utepe wa karatasi. Mkono wa mtu ndio uliolifungua fundo.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, kazi ile ya mkono ilikuwa imekwisha kutiwa ndani ya mashine, katika kumbukumbu isiyofutika. Kila ilipowashwa ilijipima kwanza. Mlio mmoja mfupi ulikuwa salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi uliashiria dosari ya picha. Namba 201 ilitaja kumbukumbu, 301 ikataja kibodi. Hata hivyo, anayehojiwa hapa ni mgonjwa yule yule, na akizimia kabisa hajibu.

Wapo wasemao kuwa huu ni ufundi mdogo usiostahili kalamu ya mwanachuoni. Sikubaliani nao. Anayeunda kompyuta leo halehemu kitu, huchomeka tu; lakini ameweka fedha nyingi mezani, na asipojua wapi pa kuuliza huhukumu kipande kizima kuwa kibovu. Fundi mzoefu huivua mashine mpaka ibaki na visivyoepukika: ubao mama, prosesa, kipande kimoja cha kumbukumbu na chanzo cha umeme, kisha huongeza kimoja kimoja. Hutazama kwanza plagi ya pekee iletayo umeme kwa prosesa, iliyoingia katika kanuni mwaka 2000. Ikisahauliwa, feni huzunguka na kioo hubaki cheusi. Vibao vingi vya siku hizi vina taa nne ndogo, za prosesa, kumbukumbu, picha na diski. Ile inayobaki ikiwaka huonyesha hatua iliyokwama. Taa za Altair zimerudi.

Fundo nalo limerudi. Mwaka 2018 AMD ilitoa prosesa zilizoingia sawasawa katika vibao vya zamani, lakini programu iliyokuwamo katika vibao hivyo iliandikwa kabla yao, haikuzijua. Kuibadilisha kulihitaji mashine iamke. Na mashine haikuweza kuamka mpaka ibadilishwe. AMD ikawaazima wanunuzi prosesa ndogo iliyojulikana na vibao hivyo. Iliuamsha ubao, ubao ukapewa programu mpya, nayo ikafungwa tena katika sanduku ikarudishwa.